KQ ya New York vs Probox ya Tetu: Nani Anakunywa Mafuta Zaidi? Hesabu Itakushtua

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA wakitoa bei mpya ya mafuta, Kenya nzima hushika roho mkononi. Unakumbuka Oktoba 2023? Lita moja ya petroli iligonga shilingi 217.36 pale Nairobi, na wasee wengi wakaanza kuangalia gari zao kama adui.

Sasa chukua hiyo stress uipeleke airport. Kenya Airways walipoanzisha safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, tarehe 28 Oktoba 2018, walisema ndege inahitaji tani 85 za mafuta kwa kila upande. Tani, mse wangu. Kwenda pekee.

Ukiskia hivyo unasema basi, ndege ni mlevi mkubwa wa mafuta. Kama unaongelea ndege nzima, uko sawa. Lakini ukigawanya hayo mafuta kwa kila mtu aliyekalia kiti, story inageuka kabisa, na kuna gari fulani hapa Nyeri zitaaibika. Mimi chuo niliacha, lakini kugawanya sikuacha. Toa simu ufungue calculator, twende pole pole.

Kwanza, ndege inakunywa nini?

Mafuta ya ndege huitwa Jet A-1, na ni ndugu wa karibu sana wa mafuta taa. Eeh, ile tu shosho alikuwa anaweka kwa koroboi na stovu. Tofauti ni kwamba ya ndege imesafishwa na kupimwa vikali, ndio isigande huko juu kwenye baridi. Inatakiwa ivumilie hadi nyuzi 47 chini ya sifuri. Lakini ukoo ni mmoja.

Lita moja ya hayo mafuta ina uzito wa kama gramu 800. Kwa hivyo tani 85 ni zaidi ya lita 106,000. Kutoka Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Gawanya, unapata lita 9 kwa kila kilomita moja. Yaani lita moja inasukuma hiyo ndege mita 110 hivi, kama kutoka goli moja hadi lingine uwanjani, halafu imeisha. Hakuna dere wa Tetu anaweza kubali gari kama hiyo hata akipewa bure.

Sasa gawanya kwa watu. Dreamliner za KQ, zile Boeing 787-8, zina viti 234. Lita 9 ukizigawia viti 234, kila abiria anasafiri kama kilomita 26 kwa lita moja. Na hapo nimehesabu kama ndege imemaliza tani zote 85, ilhali rubani lazima atue akiwa na akiba kwa tanki.

Kilomita 26 kwa lita. Hiyo Vitz yako inafikisha?

Sasa leta gari za mtaa

Hizi za gari ni makadirio ya barabara ya lami, na dere yeyote atakwambia zinapanda na kushuka kulingana na uzito wa mguu. Tunahesabu kilomita ambazo kila abiria anapata kwa lita moja:

- V8 ya mheshimiwa, amekaa nyuma peke yake: kama 7.
- Probox, uko solo: kama 15.
- KQ ya New York, viti 8 kati ya 10 vimejaa: kama 21.
- KQ imejaa yote: kama 26.
- Nduthi na abiria mmoja: kama 40.
- Probox, mko watano: kama 75.
- Mathree ya watu 14, imejaa: kama 140.

Soma hiyo list tena. Mheshimiwa akitoka Nairobi na V8 kuja mazishi Tetu, kila kilomita anachoma mafuta mara tatu ya mtu aliyekaa kwa ndege ya kwenda Marekani. Na wewe ukiwa solo kwa Probox, redio juu, dirisha chini, unashindwa na yule binamu yako anayekula chakula cha sahani ndogo juu ya Atlantiki.

Lakini bingwa wa hii ligi ni nani? Ni ile HiAce inapigiwa kelele pale stage ya Nyeri: "Nairobi mmoja! Mmoja twende!" Kumbe konda akikwambia usonge kidogo, anaokoa mafuta ya dunia. Na zile sheria za Michuki za 2004, za watu 14, mikanda na mwendo wa 80, pia zilisaidia bila kujua, juu gari ikipita hapo hewa inaikaba na tanki inalia.

Chuma ya tani 200 inashindaje V8?

Hapa ndio pazuri. Sababu ziko nne.

Hewa. Toa mkono dirishani mathree ikiwa 80, uskie venye upepo unasukuma. Gari yako inapigana na hiyo hewa safari yote. Ndege huenda kuitoroka. Point Lenana, pale watu hupandia Mount Kenya, ni mita 4,985, na aliyefika huko atakwambia pumzi huisha. Ndege ya safari ndefu huruka kama mita 12,000 juu, zaidi ya mara mbili ya mlima wetu. Huko hewa imebaki kama robo ya ile ya usawa wa bahari. Ndio inaweza kukimbia kilomita 900 kwa saa bila kumaliza mafuta Sudan.

Injini. Ukiangalia injini ya Dreamliner kwa mbele, unaona feni kubwa kumshinda mtu mrefu. Hewa nyingi inayopita hapo haiingii kwa moto hata kidogo. Inapita kando tu na kusukumwa nyuma. Kusukuma hewa nyingi kwa upole kunakula mafuta kidogo kuliko kusukuma hewa kidogo kwa hasira.

Mwili. Karibu nusu ya uzito wa Dreamliner ni plastiki iliyokazwa kwa nyuzi za kaboni, na hiyo ni nyepesi kuliko chuma. Boeing walisema ndege hii inatumia mafuta pungufu kwa asilimia 20 kuliko zile za rika lake za zamani. KQ walipokea ya kwanza Aprili 2014.

Hakuna breki. Kila ukikanyaga breki, ule mwendo uliolipia kwa petroli unageuka joto kwa magurudumu na kupotea. Kutoka Wamagana hadi Nairobi hesabu bampu, ng'ombe, polisi na malori ya Sagana. Hiyo barabara mpya ya njia mbili ya Kenol hadi Marua imepunguza kiasi, juu saa hii unaweza kukaa gia moja muda mrefu. Ndege ikishafika juu, hukaa mwendo mmoja masaa 14 bila bampu hata moja.

Lakini usikimbilie kubook

Kuna vitu mbili hiyo list imeficha.

Cha kwanza ni safari fupi. Ndege hulipa gharama kubwa kupanda juu, halafu inarudisha ikiwa imetulia huko kwenye hewa nyepesi. Ukienda New York, una masaa mengi ya kurudisha. Ukienda Mombasa, ukimaliza soda yako inaanza kushuka. Hiyo raha ya hewa nyepesi unaionja tu.

Na ukitaka mfano wa karibu na nyumbani, angalia zile ndege ndogo za watalii kutoka Wilson hadi Nanyuki. Cessna Caravan, ya propela moja, inakunywa kama lita 200 kwa saa ikienda kama kilomita 300 kwa hiyo saa. Ikibeba watu 12, kila mmoja anapata kilomita 18 kwa lita. Ikibeba sita, wanapata 9. Hapo ushakaribia V8 ya mheshimiwa, na mathree ya Nanyuki inapita chini yako na watu 14 ikikucheka.

Cha pili ni huo uzito wa mafuta. Dreamliner ikiwa imejazwa hadi mwisho inaruhusiwa kupaa na kama tani 228. Ukitoa tani 85 za mafuta, unaona zaidi ya theluthi ya huo mzigo ni mafuta yenyewe. Ni kama kupakia Probox mitungi ya petroli hadi kwa paa, halafu unachoma nyingine ndio ubebe hiyo. Na JKIA iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambapo hewa tayari ni nyepesi. Hewa nyepesi ni tamu ukiwa juu, lakini ukiwa chini unataka kupaa na huo mzigo, ni shida. Usiku kukiwa na baridi hewa hukaza kidogo, na hiyo husaidia ndege nzito kuinuka.

Shida kamili ni umbali

Sasa skia hii, ndio nilitaka ufike nayo nyumbani.

Chukua watu watatu wa boma moja Tetu. Wa kwanza anafanya kazi Nairobi na hurudi ocha kila wikendi na Probox, solo. Ni kama kilomita 150 kuja na 150 kurudi, yaani lita 20 kila wikendi. Mwaka mzima amemaliza lita 1,040.

Wa pili ako majuu. Alikuja krismasi mara moja, New York hadi Nairobi na kurudi. Kiti chake kilikunywa kama lita 908. Wako karibu sawa! Tofauti ni kwamba mmoja alitumia wikendi 52, mwingine alitumia siku mbili.

Wa tatu ni shosho. Kila wiki anapanda mathree kwenda soko Nyeri town, tuseme kilomita 15 kwenda na 15 kurudi. Mathree ikiwa imejaa, kwa mwaka mzima sehemu yake ni kama lita 11.

Lita kumi na moja. Shosho angehitaji zaidi ya miaka 80 ya soko ndio afikie krismasi moja ya huyo mjukuu.

Unaona venye ndege inakuchezea akili? Kwa kilomita moja, iko poa kushinda gari ya mtu mmoja. Lakini hakuna mtu anaamka asubuhi kuendesha Probox hadi New York. Ndege inakupea kilomita elfu 23 kwa siku mbili, kilomita ambazo kwa gari ungemaliza miaka. Hesabu ya lita inabaki palepale, wewe ndio umeenda mbali.

Na hayo mafuta hayapotei hivi hivi. Kila lita ya mafuta ya ndege ikichomwa inatoa kama kilo 2.5 za gesi ya kaboni. Lita 908 ni zaidi ya tani mbili. Mkenya wa kawaida kwa mwaka mzima hata nusu tani hafikishi. Krismasi moja ya jamaa wa majuu ni zaidi ya miaka minne ya kaboni ya Mkenya wa kawaida. Na bili inaletwa hapa hapa. Barafu ya Lewis, ile kubwa ya Mount Kenya, imeyeyuka ikabaki kipande tu, na mkulima wa chai wa Gathuthi anajua venye mvua siku hizi haina ratiba.

Sasa tusipande ndege?

Tetu ndio mahali pabaya pa kusema hivyo. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka wa 1940. Mwaka wa 1960 akapanda ndege kwenda Marekani kusoma, kwenye ule mpango wa kupeleka wanafunzi Wakenya huko. Akarudi, 1977 akaanzisha Green Belt Movement, 2002 akachaguliwa mbunge wa Tetu, na 2004 akabeba Nobel ya Amani. Shirika lake limepanda miti zaidi ya milioni 50. Kuna tiketi zingine zinajilipa.

Kwa hivyo usiulize tu "ni ndege ama ni gari?" Uliza maswali mawili: viti vingapi vimejaa, na naenda mbali kiasi gani? Ukishajua hiyo, hesabu ni rahisi. Chukua kilomita ambazo gari yako hupiga kwa lita, zidisha na watu walio ndani. Ikifika zaidi ya 26, umeshinda Dreamliner iliyojaa.

Kwa Probox hiyo ni watu wawili tu. Jumapili jioni ukitoka Tetu, pigia yule jirani anayerudi Nairobi. Mchange mafuta. Yeye ataokoa fare, wewe utaokoa karibu nusu ya pesa ya mafuta ya safari, na mtakuwa mmepita KQ kabla hata hamjafika Karatina.