Ayub Ogada: Sura nyuma ya Redford, sauti bila sura

Kama umewahi kuitazama Out of Africa, ile muvi ya 1985 ya Meryl Streep na Robert Redford, basi umemwona Job Seda. Huenda hukumtambua tu. Anaigiza Kanuthia, mfanyakazi wa mwindaji Denys Finch Hatton, na maneno yake ni machache mno.

Huyo Job Seda ndiye Ayub Ogada. Naam, yule yule wa Kothbiro, wimbo ambao kijana yeyote wa Bondo au Kisumu ameusikia, hata kama hajui ni wa nani. Na wakati huo hakuwa limbukeni. Alikuwa amepiga muziki na Black Savage miaka ya sabini, na 1979 akawa miongoni mwa walioanzisha African Heritage Band. Nairobi walimjua. Mbele ya kamera ya Hollywood akawa mtu wa kumfuata mzungu.

Cheki pia walivyogawa nafasi. Kanuthia halisi alikuwa Mkikuyu, akachezwa na Mjaluo. Farah alikuwa Msomali, akachezwa na Malick Bowens wa Mali. Mweusi ni mweusi, bora aonekane kwenye picha! Filamu ikazoa Oscar 7. Kule Italia waliiita La mia Africa, yaani "Afrika yangu". Yangu ya nani, jamani?

Miaka 20 baadaye Ogada alisikika tena kwenye sinema kubwa, safari hii bila sura. The Constant Gardener ya 2005, iliyopigwa Kibera na kule Turkana, ilitumia Kothbiro. Mtazamaji wa London alisikia huzuni ya Afrika. Anayejua Dholuo alisikia mtu akisema mvua inakuja. Wimbo umekaa vizuri pale, siwezi kukataa, lakini wahusika wakuu ni wazungu wawili, na Mjaluo ni muziki wa nyuma.

Halafu akaja Lupita Nyong'o, binti wa Profesa Anyang' Nyong'o wa Kisumu. Mwaka 2014 alibeba Oscar kwa kuigiza Patsey, mtumwa, katika 12 Years a Slave. Ungedhani milango yote ingefunguka. Wapi! Mwenyewe ameeleza hadharani kwamba ofa zilizofuata zilikuwa za utumwa tena. Alizikataa nyingi. Ndiyo maana Nakia wa Black Panther, 2018, alikuwa na uzito: jasusi mwenye akili zake, hamfuati mtu.

Ogada alirudi kuishi Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, na huko ndiko alikofariki Februari 2019. Miezi michache kabla, Kanye West alikuwa ameichovya Kothbiro ya Black Savage ndani ya Yikes, na vijana wakaanza kuuliza mtandaoni: huyu anayeimba Kijaluo ni nani?