Johnny Rodgers, kiraka wa Nebraska

Johnny Rodgers alizaliwa Julai 1951 mjini Omaha, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Nebraska, na kati ya mwaka 1970 na 1972 alichezea timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska kama mpokeaji. Kumwita mpokeaji tu, hata hivyo, ni kumpunja. Alidaka pasi, alikimbia na mpira, alirudisha mipira iliyopigwa na wapinzani, na ilipolazimu alirusha pasi mwenyewe. Alikuwa kiraka kwa maana kamili ya neno hilo: aliweza kupangwa namba yoyote penye kazi ya kusogeza mpira mbele, na kila namba aliicheza kama yake.

Katika futiboli ya Marekani, timu ya watu kumi na mmoja hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, yaani karibu mita 9. Kotabeki ndiye mwenye uamuzi: ama amkabidhi mpira mkimbiaji aliye nyuma yake, ama amrushie mpokeaji aliyetoroka mabeki. Majaribio matatu yakishindikana, kwa kawaida timu huupiga mpira kwa mguu, mbali iwezekanavyo, na hapo ndipo huingia mchezaji wa aina ya pekee wa timu pinzani, mrudishaji. Husimama peke yake akiutazama mpira unavyoshuka kutoka juu, huku watu kumi wakimjia mbio kumwangusha. Sheria inamruhusu kuinua mkono, audake kwa usalama na mchezo usimame. Asipoinua, lazima akimbie. Kazi hii inataka macho makali na miguu myepesi, na zaidi ya yote moyo usiotetereka.

Rodgers hakuwa mtu wa umbo kubwa. Urefu wake haukufika futi sita, na uzito wake ulikuwa takriban kilo 80, katika mchezo ambao walinzi wengi walimzidi kwa kilo 20 au zaidi. Silaha yake ilikuwa kasi, iliyompatia jina la utani la Jeti, pamoja na uwezo wa kusimama ghafla na kugeuka upande wa pili kabla mkabaji hajajua miguu yake mwenyewe imeelekea wapi.

Bahati yake ni kwamba alikuta makocha walioiona thamani hiyo. Kocha mkuu alikuwa Bob Devaney, na msaidizi wake Tom Osborne ndiye aliyepanga mashambulizi. Walimweka kwenye namba iliyo katikati ya mpokeaji na mkimbiaji, karibu na ukingo wa safu ya mbele, ambapo angeweza kutoka mbio kusubiri pasi au kuzunguka nyuma na kupokea mpira mkononi. Mabeki hawakuweza kujua mapema ni lipi kati ya hayo mawili litakuja. Kwa mpango huo Nebraska ilitwaa ubingwa wa taifa mara mbili mfululizo, mwaka 1970 na 1971.

Mechi iliyomtangaza nchi nzima ilichezwa Norman, Oklahoma, Alhamisi ya Novemba 25, 1971, Sikukuu ya Shukrani. Nebraska ilikuwa ya kwanza katika orodha ya taifa na Oklahoma ya pili, na zote zilikuwa hazijafungwa msimu ule. Dakika chache tu baada ya mchezo kuanza, Oklahoma ilipiga mpira na Rodgers akaudaka bila kuinua mkono. Papo hapo Greg Pruitt, nyota wa Oklahoma, akamvaa. Rodgers aliyumba, akazunguka, mkono mmoja ukagusa ardhi, akasimama tena na kupenya katikati ya kundi la watu, kisha akaelekea pembeni ambako njia ilikuwa wazi hadi mstari wa goli. Yadi 72. Mashabiki wa Oklahoma wanabisha mpaka leo kwamba Joe Blahak, aliyemfungulia njia mwishoni, alimsukuma mlinzi kwa nyuma, jambo linalokatazwa. Mwamuzi hakupuliza filimbi.

Mbio zile ndizo zinazorudiwa kila mara kwenye filamu za kumbukumbu, lakini tendo lake lililoamua mechi lilikuwa dogo kwa macho. Zikiwa zimebaki dakika chache, Oklahoma ikiongoza 31 kwa 28, Nebraska ilifika jaribio la tatu ikihitaji yadi 8. Kotabeki Jerry Tagge alirusha mpira wa chini, Rodgers akajirusha na kuudaka karibu na nyasi, yadi 11. Baadaye mkimbiaji Jeff Kinney akafunga, na Nebraska ikashinda 35 kwa 31. Mtu aliyeanza mechi kwa mbio za kushangaza ndiye aliyeiokoa kwa mikono tu.

Mwaka 1972 alipewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa wa kwanza kutoka Nebraska kuipata. Pruitt alikuwa wa pili. Uteuzi huo haukupita kimya. Mwaka 1970, alipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, Rodgers alihusika katika wizi kwenye kituo cha mafuta na kuhukumiwa kifungo cha nje, na baadhi ya waandishi walihoji kama anastahili heshima hiyo. Jimbo la Nebraska lilimpa msamaha rasmi mwaka 2013.

Katika mechi yake ya mwisho ya chuo, Orange Bowl ya Januari 1, 1973 dhidi ya Notre Dame, makocha walimhamishia nyuma kabisa, kwenye namba ya mkimbiaji mkuu. Alifunga mara tatu kwa kukimbia, mara moja kwa kudaka pasi, kisha akarusha mwenyewe pasi ndefu kwa Frosty Anderson, naye akafunga. Nebraska ilishinda 40 kwa 6. Hakuna mechi nyingine inayoonyesha vizuri zaidi ukiraka wake.

Aliondoka na pasi 143 alizodaka, rekodi ya chuo iliyodumu hadi mwaka 2008, na jumla ya yadi 5,586 kwa njia zote, rekodi ya vyuo vyote wakati huo. Mara saba alirudisha mpira uliopigwa hadi kwenye mstari wa goli.

San Diego Chargers, timu ya kulipwa, walimchagua katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wa vyuo, lakini alikwenda Kanada kuchezea Montreal Alouettes, walioahidi malipo makubwa zaidi. Uwanja wa kule ni mpana na mrefu kuliko wa Marekani, majaribio ni matatu badala ya manne, na mrudishaji hana ruhusa ya kuinua mkono. Ni mchezo uliomfaa. Alikuwa mchezaji mpya bora wa ligi mwaka 1973, na mwaka uliofuata Montreal ikatwaa Kombe la Grey, la ubingwa wa Kanada. Aliporudi San Diego mwaka 1977, majeraha yalimwandama, na baada ya misimu miwili akaacha kucheza. Aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ya vyuo mwaka 2000. Jezi yake namba 20 ilistaafishwa Nebraska, na mrudishaji bora wa mipira katika vyuo vya Marekani sasa hupewa tuzo yenye jina la Jeti.