Kula cha Nyumbani Tu: Nani Ashike Mwiko?

Kila Ramadhani inapoingia, majiko ya Pwani hufanya jambo ambalo miezi mingine kumi na moja tunaapa kwamba haliwezekani. Kuanzia alasiri, Temeke hadi Bagamoyo, Tanga hadi Mombasa, watu wanamenya muhogo na magimbi, wanakuna nazi, wanasaga mchele uliolala majini kwa ajili ya vitumbua, wanakaanga kaimati na kuzimwagia shira. Watu wamefunga, kina mama wengine wameshuka sasa hivi kwenye daladala kutoka kazini, lakini adhana ya magharibi inakuta sinia limejaa. Idi ikishapita, haichukui muda mezani umerudi mkate wa slesi, soseji, juisi ya boksi na kile kidonge cha kutia ladha ya nyama kwenye mchuzi usio na nyama.

Mwaka huu mfungo ulipokwisha, nyumbani kwetu tuliafikiana tusirudi huko. Kwa muda tuliojiwekea, tule tulichopika wenyewe tu, na tukipike kuanzia mwanzo.

Swali likawa mwanzo ni wapi. Tukaweka mpaka kwa kuangalia jikoni mwa bibi zetu: chumvi, sukari, mafuta ya kula, majani ya chai, hamira na unga walikuwa wakinunua dukani, nasi tutanunua. Samaki, nyama, maziwa, nafaka, mizizi, mboga na matunda tunavichukua sokoni vikiwa kama vilivyotoka shambani au baharini. Chochote kilichochanganywa kiwandani tayari kwa kumiminwa sufuriani au kutiwa kinywani, hapana. Chumvi tuliendelea na ile yenye madini joto, maana hapo kiwanda kinatukinga na rovu, na sioni fahari yoyote katika kuikataa kinga hiyo kwa jina la asili.

Mpaka huo, bila sisi kukusudia, unakaribia sana ule uliochorwa na Profesa Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, mwaka 2009. Monteiro alikuwa amegundua jambo la ajabu katika takwimu za manunuzi ya familia za nchi yake: watu walikuwa wananunua sukari, chumvi na mafuta pungufu kuliko zamani, na bado unene ulikuwa unapanda. Sukari na mafuta hayakuwa yametoweka. Yalikuwa yamehama kutoka kwenye kabati la jikoni kwenda ndani ya biskuti, soda na vyakula vya pakiti. Baadaye akavigawa vyakula katika makundi manne kwa kutazama vimesindikwa kiasi gani. La kwanza ni vile vilivyo karibu na hali yao ya asili, la pili ni viambato vya kupikia kama mafuta na chumvi, la tatu ni vyakula vilivyosindikwa kwa njia nyepesi, kama jibini na samaki wa kopo, na la nne ni vile vinavyoundwa kiwandani kwa vitu ambavyo hakuna mpishi wa nyumbani anavyo kabatini.

Wapo waliosema shida ni sukari na mafuta tu, si kiwanda. Mwaka 2019 Kevin Hall na timu yake, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walilipima jambo hilo kwa namna ambayo ni vigumu kuibishia. Waliwaweka watu 20 kituoni kwa siku 28. Kila mmoja alikula vyakula vya kundi la nne kwa wiki mbili, na kwa wiki mbili nyingine vile visivyosindikwa. Sahani zililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula mpaka atosheke. Kwenye wiki za vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, walikula kwa kasi zaidi, na waliongezeka karibu kilo moja. Kwenye wiki zile nyingine walipungua kiasi hichohicho. Nikisoma matokeo hayo huwa nafikiria muhogo wa nazi. Hakuna anayeubugia muhogo. Unatafunwa, unashuka polepole, na tumbo linapata nafasi ya kusema limeshiba.

Sasa niseme kuhusu nazi, maana kwa mtu wa Pwani kupika kuanzia mwanzo ni nazi kwanza. Siku hizi tui lipo la boksi na la unga. Sisi tulirudi kwenye mbuzi, na kazi hiyo nikaichukua mimi. Shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alivuta kigoda akaketi kunisimamia.

"Shikamoo shangazi, nafanya sawa?"

"Marahaba. Mkono mwepesi, baba. Zungusha nazi, usiikandamize. Ukiona inayodondoka inaanza kuwa na weusi, umeshakifikia kifuu, iache hapo."

Nazi iliyokunwa ikishajaa kwenye beseni unatia maji ya uvuguvugu kidogo sana, unafikicha kwa vidole, unakamua kwenye kifumbu. Hilo ndilo tui zito, unaliweka pembeni. Unatia maji mara ya pili na ya tatu kupata tui jepesi, na hilo ndilo linalopikia muhogo, maharage au samaki mpaka viive. Tui zito linaingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na kuanzia hapo mwiko hautulii, ukipanda na kushuka, maana tui likiachwa lichemke bila kukorogwa linakatika na mafuta yanajitenga. Harufu inayopanda wakati huo hailetwi na boksi lolote. Machicha yalikwenda kwa kuku wa jirani, naye akatuletea mayai.

Chakula cha mchana na cha usiku havikutusumbua. Maharage tuliloweka tangu jana yake, jambo linalopunguza muda wa kuyachemsha na kwa hiyo gesi ya mtungi. Kwenye pilau tulikaanga wenyewe bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, tukatwanga kwenye kinu kidogo. Kile kidonge cha mchuzi nilikisoma pakiti yake kabla ya kukitoa jikoni: kiambato cha kwanza kwenye orodha ni chumvi, na orodha hizo huanza na kile kilicho kingi zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Mtu anayetia vidonge viwili kwenye sufuria, kisha akaongeza chumvi kwa mazoea, hana namna ya kujua amefika wapi. Watoto mwanzoni walilalamika mchuzi umepooza. Baadaye walianza kuitambua ladha ya nyanya yenyewe na ya kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa chekundu, na malalamiko yakaisha.

Mtihani ulikuwa asubuhi. Gari la shule linapita bado giza, na mkate wa slesi ulikuwa umeziba pengo hilo kwa miaka mingi. Hapa ndipo nilipoona jinsi tulivyojinyima bila sababu. Nani alituambia kifungua kinywa lazima kiwe ngano? Viazi vitamu na magimbi vikichemshwa usiku, asubuhi vinahitaji chai tu. Uji wa ulezi hauhitaji zaidi ya dakika chache za kukoroga. Maharage ya jana na chapati za maji, zile za kumimina unga mwepesi kikaangoni, ni chakula kamili. Mkate tulioka wenyewe Jumapili, unga, hamira, chumvi na maji, na haukuwahi kufika Jumatano.

Kwenye unga wa ugali tulihama kutoka sembe kwenda dona, na hapo naomba msomaji awe makini. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa, pumba na kiini vimeondolewa, na virutubisho vingi vimekwenda navyo. Dona ni punje nzima. Lakini kiini kina mafuta, kwa hiyo dona haikai muda mrefu kama sembe, na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huota kuvu inayotoa sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Waliokufa walikuwa wamekula ugali wa nyumbani, wa mahindi ya nyumbani. Kwa hiyo nunua mahindi makavu, yachambue kwa macho yako, yaliyobadilika rangi au kuoza tupa, usage kidogo kidogo. Chakula hakiwi salama kwa sababu tu kimetoka kwenye jiko lako.

Lakini jambo linalonikera hasa katika mazungumzo yote ya kurudi kwenye chakula cha nyumbani ni kwamba wanaoyahubiri kwa sauti kubwa mara nyingi ni wanaume, na wanaoyatekeleza ni wanawake. Baba anatangaza sebuleni kwamba kuanzia leo hakuna vya dukani, kisha anachukua rimoti. Mama anaamka mapema zaidi, au dada wa kazi anaongezewa saa mbili ambazo hazimo kwenye mshahara wake. Vyakula vya pakiti havikuingia majumbani kwa uvivu wa kina mama. Viliingia kwa sababu mwanamke alitoka kwenda kazini na hakuna aliyempunguzia kazi jikoni wala aliyekuja kumpokea mwiko.

Na mwanamume wa Pwani hana udhuru kwamba hajui. Nenda kwenye shughuli yoyote, harusi, maulidi au hitima, uone nani anapika pilau kwenye yale masufuria makubwa juu ya mafiga. Ni wanaume, wamekunja kanzu, wanageuza mchele kwa ustadi ambao wageni husimulia wiki nzima. Ujuzi upo, ila haujaletwa nyumbani siku ya Jumanne. Mwongozo wa lishe ambao Wizara ya Afya ya Brazil iliutoa mwaka 2014, uliojengwa juu ya kazi ya Monteiro, haukuishia kuwaambia watu wapike. Ulisema kazi za jikoni zigawanywe kati ya wanaume na wanawake, na watoto wafundishwe. Natamani ushauri huo uandikwe ukutani katika kila kliniki yetu, karibu na ule wa chanjo.

Na wala sioni ubaya wa kula nje. Mama ntilie aliyeloweka maharage usiku na kuchambua mchicha alfajiri amepika kuanzia mwanzo kuliko nyumba nyingi za mjini. Sheria yetu ilipomalizika, yeye ndiye wa kwanza niliyemrudia. Mkate wa dukani nao umerudi kwa zile siku ambazo kazi zimetuzidi. Kidonge cha mchuzi, soseji na juisi ya boksi havijarudi, na hakuna aliyeviulizia. Nazi imebaki zamu yangu, mke wangu ana viungo na samaki, kijana wetu mkubwa anakanda unga wa Jumapili, na mdogo ndiye mwenye zamu ya kuloweka maharage kabla ya kulala.