Unaogopa Bunduki Ipi?

Mwenye duka la M-Pesa pale Mutindwa, Umoja, akitaka kujua anunue kinga ya kiwango gani, mimi humuuliza kwanza anaogopa bunduki ipi. Viwango vya kuzuia risasi hupangwa kwa kufuata silaha.

Chukua bastola ya Ceska ya milimita 9 na bunduki ya AK-47. Vichwa vya risasi zao vinakaribiana uzito, gramu 8 hivi. Ila cha bastola hutoka kwa kasi ya mita 370 hivi kwa sekunde, na cha AK hupita 700. Kasi ikikaribia maradufu, nishati ya risasi hukaribia mara nne. Ndiyo maana fulana laini inayoituliza Ceska huchanwa na AK kama karatasi.

Kipimo kinachotajwa sana ni cha NIJ, taasisi ya Marekani. Katika toleo la 2008, fulana laini ya IIIA huzuia bastola hadi .44 Magnum. Kwa bunduki ndefu unahitaji mabamba magumu: III kwa risasi kama ya G3 ambayo polisi wetu wameibeba miaka mingi, IV kwa risasi ya kutoboa chuma. Toleo la 2023 limeyabadili majina: HG ni bastola, RF ni bunduki, na RF1 hujaribiwa kwa risasi ya AK yenyewe.

Wateja hukimbilia IV. Mabamba mawili ya kiwango hicho yana kilo 6 hivi, na bawabu wa zamu ya saa 12 atayavua kabla ya saa nne usiku. Hata fulana iliyofaulu huruhusiwa kubonyea milimita 44 kuelekea mwilini, kwa hiyo ubavu unaweza kuvunjika. Kisu nacho kina kipimo chake tofauti.

Tena fulana hii si nguo ya kuchagua kwenye mitumba ya Gikomba. Unyevu na jua hudhoofisha nyuzi zake, na watengenezaji wengi huidhamini miaka 5 tu. Tangu marekebisho ya 2018, Sheria ya Silaha inagusa pia vifaa hivi, hivyo pitia kwanza Bodi ya Leseni za Silaha.

Kwa duka, mimi ningeweka pesa kwenye kaunta. Grili huzuia mkono, haizuii risasi. Kwa kipimo cha Ulaya, EN 1063, kioo cha BR4 huzuia bastola nzito. Cha BR6 ndicho cha kuzuia risasi ya G3. Tafuta chenye alama ya NS: kile cha S huweza kuzuia risasi na bado kikakurushia vigae usoni. Halafu tazama chini ya kioo, mahali ambapo tumbo la muuzaji hukaa. Mara nyingi pana mbao tupu au bati la geti, na risasi ya bastola hupita hapo bila taabu. Bamba lililopimwa literemke hadi sakafuni.