Tundu Linalobeba Umeme

Ndani ya waya wa shaba umeme hubebwa na elektroni tu. Ndani ya nusu-kipitishi kama silikoni kuna wabebaji wawili: elektroni, na nafasi inayobaki elektroni inapong'oka. Nafasi hiyo huitwa tundu.

Atomu ya silikoni ina elektroni 4 za nje, zote zimefungamana na za atomu jirani. Joto au mwanga ukiing'oa moja, pengo lake huzibwa na elektroni ya jirani, ambayo nayo huacha pengo ilikotoka. Foleni ya ndoo bombani pale Igogo, Mwanza, huonyesha jambo hilohilo: ndoo ya mbele ikiondolewa, ya pili husogezwa, kisha ya tatu, na pengo hurudi nyuma hadi mkiani. Kulifuata pengo moja ni kazi nyepesi kuliko kuhesabu ndoo zote. Ndiyo maana wanafizikia hulichukulia tundu kama chembe yenye chaji chanya. Mwendo wake katika silikoni ni wa kujikokota, takribani theluthi ya ule wa elektroni.

Silikoni safi ina wabebaji wachache mno. Ikitiwa chembe za fosforasi, elektroni huzidi, nayo huitwa aina ya N. Ikitiwa boroni, matundu huzidi, ikawa aina ya P. Zikiunganishwa, mpakani hujengeka uga wa umeme. Jua likipiga paneli juu ya bati, elektroni na matundu huzaliwa kwa jozi, na uga huo huzitenganisha. Seli moja hutoa karibu nusu volti, kwa hiyo paneli ya kuchaji betri ya volti 12 huungwa seli 36.

Taa ya LED hufanya kinyume: elektroni hutumbukia tunduni na kutoa mwanga. Taa nyeupe zinazochukua nafasi ya karabai katika uvuvi wa dagaa Ziwa Victoria zilichelewa kwa kukosa matundu, wala si elektroni. Galiamu nitraidi, inayotumika kuzalisha mwanga wa buluu ambao taa hizo huutegemea, ilikataa kata kata kuwa aina ya P. Mwaka 1989 Isamu Akasaki na Hiroshi Amano waliitia magneziamu, wakaipiga miale ya elektroni, ikakubali. Mwaka 1992 Shuji Nakamura alionyesha kuwa kuipasha moto kunatosha, kwani hufukuza hidrojeni iliyokuwa ikizuia matundu. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Weupe wa taa hizo za LED hutokana na unga wa njano uliopakwa juu ya chipu inayotoa mwanga wa buluu. Mchana, taa ikiwa imezimwa, njano hiyo huonekana wazi kwa macho.