Mpira Hewani, Msomaji Roho Juu

Hadithi za michezo katika vibonzo vya magazeti ya Kenya kwa kawaida ni hadithi za soka, hata pale ambapo fahari ya wenyeji ni mbio. Kericho na Bomet ni mfano mzuri. Huku kwenye majani chai ndiko alikotoka Wilson Kiprugut, Mkenya wa kwanza kutwaa nishani ya Olimpiki: shaba ya mita 800 jijini Tokyo mwaka 1964, kisha fedha Mexico mwaka 1968. Lakini kijana wa Litein au Silibwet aliyefungua gazeti kutafuta mashujaa wa kuchorwa alikutana na washambuliaji na makipa.

Maarufu kuliko wote ni Shakes, mfungaji hodari wa Supa Strikas. Katuni hiyo ilianza Afrika Kusini mwaka 2000 kwa mtindo wa katuni ya Roy of the Rovers ya Uingereza, na nchini Kenya ilimfikia msomaji ikiwa imepachikwa ndani ya gazeti. Wadhamini ndio waliobeba gharama, na nembo zao zikachorwa kwenye jezi na mabango. Matangazo hayo hayakuiharibu hadithi. Uwanja mkubwa usio na bango hata moja ndio ungetia shaka.

Utamu wake ulikuwa katika kukatiza. Mpira umepigwa, kipa ameruka, ukurasa umekwisha. Jibu lingoje toleo lijalo. Katika miji ya majani chai gazeti moja husomwa na wengi, kwa kinyozi, hotelini, au penye kituo cha kupimia majani wakulima wakisubiri lori, kwa hiyo mabishano huwa mengi kuliko nakala. Barua kwa mhariri ni chache; maoni hutolewa kwa mdomo, papo hapo. Na kinachobishaniwa si kama Shakes atashinda, maana hilo linajulikana, bali atashindaje. Ndio udhaifu wa aina hii ya hadithi: shujaa asiyeshindwa huchosha. Wachapishaji wa Roy of the Rovers walilijua hilo. Mwaka 1981 walimfanya shujaa wao Roy apigwe risasi, na wasomaji wakamiminia ofisi barua na kadi za kumtakia nafuu mtu asiyekuwepo.

Shujaaz, jarida la katuni la lugha ya Sheng lililoanza mwaka 2010 na kusambazwa pamoja na Daily Nation, lilifuata njia nyingine. Mhusika wake Charlie Pele ana kipaji cha soka, lakini maisha yake yamevurugwa na ghasia za baada ya uchaguzi. Huko Kericho, ambako wafanyakazi wa mashamba ya chai walivamiwa na kufurushwa kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, kisa hicho hakikuhitaji maelezo. Wasomaji walijibu kwa ujumbe wa simu na Facebook, na wengine kwa vitendo: simulizi la jarida hilo kuhusu kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue liliigwa vijijini kwelikweli.

Kuna pia wakati ambapo uwanja halisi huipiku katuni. Katika Supa Strikas wapinzani hutumia kila hila, na mwisho hila hufichuka. Mwaka 2021 FIFA iliiondoa klabu ya Zoo ya Kericho katika ligi kuu ya Kenya kwa kosa la kupanga matokeo. Baada ya hapo, ni vigumu kumwambia msomaji wa mji huo kwamba visa vya wachoraji vimetiwa chumvi.

Kwa nini basi mbio zikaachwa nyuma? Fainali ya Mexico yaonyesha ugumu wenyewe. Kiprugut aliongoza, Ralph Doubell wa Australia akampita katika mita za mwisho kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Kila kitu kilikwisha chini ya dakika mbili, na mwili unaokimbia hufanana kisanduku hadi kisanduku. Penalti husimamisha muda. Mbio hazina pa kusimama.

Dawa ilipatikana Marekani, katika Gil Thorp, katuni ya magazetini iliyoanzishwa na Jack Berrill mwaka 1958. Hiyo hufuata msimu mzima wa shule ya upili: mazoezi, mchezaji mtoro, mzazi mkali, jeraha, ndipo mechi. Riadha za shule za Kericho na Bomet zina hayo yote, kuanzia mchujo wa kata hadi timu ya kaunti, na bado hazijapewa ukurasa kama huo.