Kishikwambi kimefika kijijini, mzazi abaki na kazi gani?

Desemba 2017, watoto wa vijiji vya mkoa wa Tanga, vikiwemo vya Lushoto, walianza kukabidhiwa vishikwambi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kukaa kwenye dawati. Hawakujengewa darasa wala kuletewa mwalimu. Walipewa kifaa chenye masomo ya Kiswahili na hesabu ndani yake, wakaachwa wajifunze wenyewe.

Lilikuwa jaribio kubwa la shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE. Zawadi zake zilifikia dola milioni 15 za Marekani, na mfadhili wake mkuu alikuwa tajiri Elon Musk. Google ilitoa vishikwambi. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania walisimamia kazi huku chini. Swali la shindano lilikuwa moja: je, programu ya kompyuta inaweza kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu, ndani ya miezi 15?

Karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 walishiriki. Jibu lililopatikana linamhusu kila mzazi ambaye leo anajiuliza amnunulie mtoto kishikwambi, ampe simu yake, au amnyang'anye kabisa.

Nusu waliovuka, nusu waliobaki

Kabla ya kuanza, watoto walipimwa. Asilimia 74 walisema hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 walisema hakuna mtu aliyewahi kuwasomea kitabu nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Jaribio lilipomalizika mwaka 2019, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Wasichana walifaidika sawa na wavulana. Mei mwaka huo washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, waligawana dola milioni 10.

Hayo si mafanikio madogo. Mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi wakati wenzake wako darasani, leo anatambua jina lake likiandikwa. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Katika kila watoto kumi, tisa walianza bila kujua neno. Baada ya miezi 15 na kifaa cha bei kubwa mkononi, wanne au watano kati yao walikuwa bado hawajui. Na kusoma neno moja bado si kusoma hadithi, wala barua, wala maelezo ya dawa.

Kwa hiyo kishikwambi kinafundisha, ila hakimfikishi kila mtoto. Anayeachwa nyuma hana wa kumuuliza akikwama.

Kilichofanya kazi

Kuna mambo matatu katika jaribio lile ambayo mzazi anaweza kuyachukua bila kuwa na dola hata moja.

La kwanza ni lugha. Masomo yalikuwa ya Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali. Wazazi wa milimani wanajua hili lina uzito gani. Mtoto wa Mlalo au Mtae huamka na Kisambaa, hucheza kwa Kisambaa, hutumwa dukani kwa Kisambaa. Akifika darasa la kwanza hukutana na Kiswahili cha vitabuni. Mtoto huyo akipewa katuni za Kiingereza kwenye simu, anabebeshwa lugha ya tatu kabla ya kuimudu ya pili. Ataimba rangi na namba, lakini hatazielewa.

La pili ni mwendo. Programu zile zilimruhusu mtoto arudie herufi moja mara ishirini bila kuchekwa. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, mwalimu hawezi kumsubiri kila mmoja. Mtoto mwenye aibu hujificha nyuma ya wenzake, huitikia pamoja nao, na mwaka huisha hajulikani kwamba hasomi.

La tatu ni mtu mzima. Ingawa shindano lilisema "bila mwalimu", kila kijiji kiliwekewa kituo cha kuchaji kwa umeme wa jua, na akachaguliwa mama wa kukisimamia. Hakuwa mwalimu. Alihakikisha vifaa vina chaji na aliwahimiza watoto waendelee. Hata shindano lililotaka kuonyesha kwamba mashine inatosha lilianza kwa kutafuta mama wa kijiji.

Redio ilikwisha kutufundisha

Wazee wanaoikumbuka miaka ya 1970 hawatashangaa. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya afya kwa redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Inakadiriwa watu milioni mbili walishiriki. Redio haikuachwa iseme peke yake. Watu walikusanyika kwa vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba.

Redio ilileta somo, na kikundi kikaligeuza kuwa kazi. Kishikwambi nacho ni hivyo hivyo.

Darasani leo

Vishikwambi sasa viko pia mikononi mwa walimu. Vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Januari 2024 mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika, nayo inamtaka mtoto atende na aeleze, si kukariri tu.

Kwa mwalimu wa mlimani, faida ni kubwa. Anaweza kuwaonyesha watoto picha ya moyo unavyosukuma damu, au bahari ambayo wengine hawajaiona. Kitabu kisipofika shuleni kwa wakati, anaweza kukisoma kwenye kioo na kuandaa somo.

Hata hivyo mlima una masharti yake. Mtandao hushika kwenye kilima, ukishuka bondeni unapotea. Msimu wa ukungu, paneli ya jua huchelewa kujaza betri. Na kishikwambi kimoja cha mwalimu hakiwezi kushikwa na wanafunzi wote wa darasa. Mzazi anayedhani shule ikipata kifaa basi kazi yake imekwisha, anajidanganya.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, ajue mtoto wake anasoma au anakariri. Njia ni rahisi. Chukua kitabu ambacho mtoto hajakizoea, gazeti la zamani, au hata maandishi kwenye mfuko wa mbolea. Mwambie asome sentensi moja, kisha aeleze ina maana gani. Akisoma ukurasa wa kitabu chake cha shule bila kuutazama, ameukariri. Darasa la tatu likimkuta hivyo, nenda ukazungumze na mwalimu mapema. Usisubiri matokeo.

Pili, simu iwe na kazi maalumu. Siku ya soko, ukiwa mjini Lushoto au Soni ambako mtandao ni mzuri, pakua kitabu cha darasa lake au kipindi cha elimu cha Kiswahili kama Ubongo Kids au Akili and Me. Bando litatumika mara moja, na somo litabaki kwenye simu wiki nzima.

Tatu, weka muda. Dakika ishirini za kusoma mkiwa wawili zinamfaa mtoto kuliko saa mbili akiwa peke yake chumbani. Simu ikiachwa wazi, mtoto hatabaki kwenye herufi. Atahamia kwenye muziki na video, na hilo si kosa lake.

Nne, mwulize. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kusema, "Nisimulie ulichokisoma leo." Asimulie kwa Kiswahili. Akikwama, asimulie kwa Kisambaa, kisha atafute maneno ya Kiswahili. Kueleza kwa lugha ya nyumbani hakumrudishi nyuma. Kunaonyesha kwamba ameelewa.

Tano, mpe muda wa kujifunza. Msimu wa kabeji na viazi kila mkono unahitajika shambani, na hakuna mzazi wa Usambara asiyejua hivyo. Lakini mtoto anayekosa siku mbili za shule kila wiki hatafidiwa na kifaa chochote. Kazi za jioni zipo, na Jumamosi ipo.

Tarakimu moja ya lile jaribio inastahili kukumbukwa kila jioni: watoto wanane kati ya kumi walisema hawajawahi kusomewa kitabu nyumbani. Kulirekebisha hilo hakuhitaji umeme wa jua wala dola. Baada ya chakula, ukungu ukiwa umeshuka na mlango umefungwa, kaka mkubwa anaweza kumsomea mdogo wake ukurasa mmoja huku mama akiosha vyombo na baba akisikiliza. Kesho mdogo asome naye, hata kama ni mstari mmoja.